Usipande

Somo: 2 Samweli 5:22-25

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Daudi alikuwa ametoka kuwapiga Wafilisti, nao wakarudi tena, wakajitandaza katika bonde lile lile la Warefai. Ningekuwa mimi, nisingeuliza kitu, maana jibu la Mungu mara ya kwanza lilikuwa "panda", yaani nenda ukawashambulie, na ushindi ukapatikana. Daudi akauliza tena. Safari hii akaambiwa: "Usipande, zunguka nyuma yao."

Aya hiyo imenirudisha kwenye vita vya Dien Bien Phu, huko Vietnam karibu na mpaka wa Laos, vilivyovunja nguvu ya Ufaransa katika Indochina, yaani makoloni yake ya Vietnam, Laos na Kambodia, mwaka 1954. Jenerali Vo Nguyen Giap, aliyewaongoza Wavietnam, alikuwa mkomunisti, si mtu wa sala, wala sitaki kumfanya mtakatifu. Lakini alichokifanya Januari ya mwaka ule wengi wetu tunaokesha kanisani hakitushindi kukijua, kinatushinda kukitenda.

Jeshi lake lilikuwa limeizingira kambi ya Wafaransa bondeni. Mpango, ulioungwa mkono na washauri wa Kichina, ulikuwa kushambulia kwa kasi na kumaliza kazi kwa siku tatu. Mizinga mikubwa, mmoja ukiwa na uzito wa zaidi ya tani 2, ilivutwa kwa kamba na mikono ya watu usiku, mlima hadi mlima, ili ndege zisiwaone. Mashambulizi yakapangwa Januari 25, yakasogezwa hadi 26. Askari walikuwa na ari, wanangoja amri tu.

Usiku wa kuamkia 26 Giap hakupata usingizi. Kichwa kilimgonga mpaka tabibu akamfunga majani ya dawa kwenye paji la uso. Askari wake walizoea kupigana usiku, msituni. Hapa wangepigana mchana kweupe kwenye uwanda, mbele ya vifaru na ndege. Askari wa miguu na wa mizinga walikuwa hawajawahi kushirikiana kwa kiwango kile. Na Ho Chi Minh, kiongozi wao mkuu, alikuwa amemwagiza asipigane kama hana uhakika wa kushinda. Kulipokucha akamwambia mshauri mkuu wa Kichina kwamba anaahirisha. Mizinga irudishwe ilikotoka, kwa kamba zile zile.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya askari mwenye malengelenge viganjani anayepewa amri hiyo. Njiani mzinga mmoja uliponyoka kwenye mteremko, na askari aitwaye To Vinh Dien akajitupa mbele ya gurudumu usiporomoke korongoni. Akafa. Kurudi nyuma nako kulidai damu. Baadaye Giap alisema huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote aliyowahi kuufanya akiwa kamanda.

Sisi tunaijua hali hiyo kwa sura nyingine. Binti amegundua jambo zito kuhusu mchumba wake, ila kadi zimeshachapwa, michango imeshakusanywa, ukumbi umelipiwa, na mashangazi wameshashona sare. Anaomba Mungu "ampe amani" ya kuendelea, wakati moyoni amekwisha kuambiwa asipande. Au ni ndugu anayechukua mkopo wa pili kuokoa biashara iliyomshinda, kwa sababu tu wa kwanza umeshaliwa. Jasho lililokwisha kumwagika linageuka kuwa sauti ya Mungu. Nadhani hiki ni kishawishi cha watu wachapakazi hasa. Mvivu hana mizinga ya kurudisha.

Mashambulizi yalianza Machi 13. Katika wiki zile za kungoja, wachukuzi walisukuma mchele na risasi kwa baiskeli zilizosheheni kama za wauza mkaa, na mizinga ikafukiwa kwenye mahandaki yaliyochimbwa ubavuni mwa milima. Kambi ilianguka Mei 7. Waliokufa pande zote mbili ni maelfu, na miongoni mwa waliopigana upande wa Ufaransa walikuwamo Wamoroko, Waalgeria na Wavietnam wenyewe, kwa hiyo sisemi hili kwa shangwe.

Juma hili tuwaombee kwa majina, faraghani, wale tunaojua kwamba wanatafuta ujasiri wa kuahirisha. Na sisi wa kamati za harusi na za ujenzi, akija mtu kusema "tusubiri kwanza", tumwache amalize sentensi yake kabla hatujamkumbusha gharama.