Loki za Corolla kwenye tela

Tela lilikuwa limebaki milango tu. Chasisi tulishaichomelea, ekseli ya pikapu iliyokufa ilishakaa chini yake, na kibanda cha kulala kilikuwa tayari kimevishwa plaiwudi ndani na bati la alumini nje. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana karakana ya kuunda bodi za malori pale Unga Limited, Arusha, na Jumamosi hiyo alitaka tumalize kabla ya jua kuzama.

"Shemeji, komeo ni kazi ya dakika tano," aliniambia, huku akinisogezea pata na tumbuu za chuma kizito, yaani bamba la kukunja na pete yake ya kutilia kufuli, pamoja na kufuli lenyewe ambalo lingetosha kulinda ghala la mahindi.

Nikazirudisha mezani. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Shemeji alikuwa anawaza wezi. Maisha yake yote ametengeneza milango ya kulinda mzigo, na mzigo haugongi mlango usiku ukitaka kwenda chooni. Mimi nilikuwa nawaza watoto wangu wamelala mle ndani, pengine na jiko la gesi hatua chache tu kutoka kitandani, halafu mtu wa nje asukume pata, apitishe kijiti kwenye tumbuu, aende zake akicheka. Na mtu huyo hakuwa wa kufikirika. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa pale pale karakanani, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshamfungia kijana mmoja wa kazi stoo kwa komeo la nje. Tulimsikia akipiga kelele tukadhani ni redio.

Jambo la pili lilikuwa vumbi. Mimi ni dereva wa watalii, na safari niliyokuwa nikiiota ilikuwa ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngaresero, kwenye Ziwa Natron, mlima wa Ol Doinyo Lengai ukiwa juu yako. Wakati huo ukishaiacha lami pale Mto wa Mbu ilikuwa vumbi mtindo mmoja, vumbi la majivu ya volkano, laini, linalopenya mahali ambapo hata maji yasingepenya. Barabara yenyewe ilikuwa imejikunja migongo migongo kama bati, na gari likipita juu yake kila nati inaanza kutafuta njia ya kutoka. Kibaya zaidi, chombo kikikimbia, hewa ya nyuma yake inakuwa hafifu na inavuta, kwa hiyo vumbi lote linalotimuliwa na matairi linarudi kunyonywa na upenyo wowote ulio kisogoni. Pata na tumbuu zinazuia mlango usifunguke. Haziubani kwenye mpira. Hizo ni kazi mbili tofauti, na watu wengi wanaponunua komeo wanalipia ya kwanza tu.

Tukapanda bodaboda mpaka maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero. Makomeo ya kusukuma yalikuwa tele na bei ya chini, lakini ukilitikisa mkononi linacheza, na kitu kinachocheza dukani kitaimba njia nzima. Vitasa vya milango ya nyumba vinataka mbao nene, wakati mlango wetu ulikuwa mwembamba. Kulikuwa na vitasa vya kuzungusha vyenye mkono wa herufi T, vile vya makabati ya vifaa kwenye malori, vizuri kabisa, vinabana mlango kadiri unavyozungusha. Nikaomba nione kwa nyuma. Hakuna kishikio cha ndani. Muuzaji akanishangaa: "Sasa bosi, ndani ya kabati anakaa nani?"

Shemeji ndiye aliyetoa jibu, nami humpa sifa hiyo kila ninapolisimulia jambo hili, maana yeye hajisifu. Tulipokuwa tunarudi alisimama kwenye duka la spea za mtumba, akaangalia milango ya Corolla iliyoegemezwa ukutani, akasema, "Shemeji, kwani gari si kibanda chenye mlango?"

Loki ya mlango wa gari ni kifaa cha akili sana kwa kitu kinachodharauliwa namna ile. Haina ulimi wa kuingia kwenye tundu, ina uma unaozunguka na kuukumbatia msumari mnene au chuma cha U kilichofungwa kwenye nguzo. Ukisukuma mlango nusunusu inashika hatua ya kwanza, ukisukuma sawasawa inashika ya pili. Kwa hiyo hata mtu akiubamiza vibaya, mlango hauachii ghafla barabarani. Inafunguka nje kwa ufunguo, inafunguka ndani kwa kishikio, na imetengenezwa kustahimili mitikisiko kwa miaka mingi kabla haijafika Arusha.

Kijana wa duka alitaka kutuuzia za milango ya nyuma, kwa kuwa za mbele zinagombewa. "Zote sawa tu, kaka, orijino Japani." Hazikuwa sawa. Ukingoni mwa mlango wa nyuma kuna kale kapini ka kuzuia watoto. Ukikateremsha, kishikio cha ndani kinakuwa pambo. Kwa tela la kulala hicho ndicho kitu ambacho usingependa mpwa wangu akigundue. Tukachukua za mbele, ya kulia na ya kushoto, na vishikio vyake, na vile vifimbo vyembamba vinavyounganisha kishikio na loki. Ukisahau vifimbo umenunua chuma chakavu.

Kazi haikuwa ya dakika tano. Mashine ya loki ilikuwa nene kuliko mlango wetu, ikabidi shemeji akunje kiboksi cha bati kukifunika kitumbo chake upande wa ndani. Bawaba tuliziweka upande wa mbele wa tela, ili hata ikitokea loki imeachia safarini, upepo uusukume mlango ujifunge badala ya kuung'oa. Kwenye fremu, mahali pa kufungia kile chuma cha U, shemeji alifanya kama walivyofanya waliounda gari: aliweka nyuma yake kibati kinene chenye nyuzi, kinachoweza kucheza kidogo juu, chini na pembeni kabla hujakaza bolti. Bila hicho ungekuwa unatoboa upya kila ukikosea milimita mbili.

Kujua chuma kikae wapi tulitumia chaki. Unaipaka kwenye mdomo wa loki, unausogeza mlango polepole, unafungua, unatazama alama. Kisha tukagandisha mpira kuzunguka fremu na kupima kwa noti ya elfu moja: iweke kati ya mpira na mlango, funga, vuta. Ikitoka bila ubishi, hapo pana njia ya vumbi. Kona ya chini ya mlango wa kushoto ilituhangaisha sana, noti inatoka tu, mpaka shemeji akagundua ni bawaba iliyokaa juu kidogo na loki haina kosa lolote.

Halafu ikaja ajabu. Milango yote ilipobana vizuri, wa mwisho ukakataa kufunga. Ukiubamiza unarudi. Kijana aliyefungiwa stoo ndiye aliyecheka kwanza: "Hewa haina pa kutokea!" Tukatoboa dirisha dogo la hewa juu, upande wa mbele, lenye wavu na kifuniko. Likiwa wazi mlango unafunga kwa mkono mmoja, na mwendoni linaingiza hewa safi kutoka mbele ya vumbi, hivyo ndani panajaa hewa na vumbi halivutwi kwa wingi.

Mlango wa jiko kwa nyuma, unaofunguka kwenda juu, haukuhitaji loki ya gari, kwani hakuna anayelala jikoni. Tuliupa klipu mbili za kubana, moja kila kona. Moja katikati isingetosha, kwa sababu plaiwudi ingepinda na kona zingeachama.

Natron tulienda Agosti. Jikoni vumbi liliingia kiasi, mstari mwembamba kando ya sinki. Kwenye magodoro, hakuna. Bolti moja ya loki ya kulia ilianza kulegea pale Engaruka kwa kuwa tulisahau nati za nailoni, zile zisizolegea kwa mtikisiko, upande ule, nikaikaza kwa spana namba kumi nikaendelea.

Niliporudi karakanani kusimulia, nilimkuta shemeji anafunga loki za Corolla kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chipsi. Nikamuuliza kwa utani kama mimi nimeuletea mji huu ufundi mpya, basi nistahili kamisheni. Akanitajia bei ya jozi ya pili, kama ningetaka, na haikuwa bei ya shemeji.