Kanuni jikoni

Hii ilikua 2011, tumealikwa harusi Chake Chake, Pemba, klabu yetu nzima ya taarab tukapanda meli usiku pale bandari ya Malindi, Unguja, watu wa fidla, wa udi, wa akodian, na lile besi kubwa limeviringwa shuka kama maiti, astaghfirullah. Mie ndo mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi cha kulaza mapajani, sijatimiza hata mwaka tangu nikabidhiwe, nikajiona mjanja nikaiweka juu penye upepo nisibanane na watu chini. Usiku kucha inakula unyevu wa bahari na mie nimelala fofofo mpaka bandari ya Mkoani.

Kwa asojua, kanuni ina nyuzi 78, zinakaa tatu tatu sauti moja, na lile daraja linalozibeba limekanyaga ngozi nyembamba ya samaki. Ngozi ikilegea daraja linazama na nyuzi zote zinashuka, tena hata hazishuki sawa. Saa kumi jioni nafungua, napitisha risha, kile kidude cha kudonolea nyuzi, wallahi ikalia kama bati.

Nikachukua ufunguo nikaanza kukaza. Namaliza za juu, za chini zishateremka. Watu wanadhani kazi yetu kupiga, kumbe nusu ya umri wako unaishia kutuni. Ami mmoja wa udi akanitazama weee alafu akasema, "Unakaza nyuzi na maradhi yako kwenye ngozi. Ipeleke jikoni."

Jikoni kwenyewe uwani, masufuria ya biriani, moshi, bi mkubwa mmoja anakaanga vitunguu vya kufa mtu. Nikamuamkia shikamoo, akaitikia, akaangalia kanuni akasema, "Kuni tunazo mwanangu."

Nikamueleza, akacheka mpaka akashika kiuno, akanisukumia mbuzi ya kukunia nazi nikalie. Nikakaa hatua kama mbili tatu toka kwenye moto maana karibu zaidi gundi inaachia na hapo ndo huna kanuni tena, nageuza huku, nageuza kule, kila mara naigonga ngozi kwa kidole, pwa, pwa, nageuza tena. Karibu na magharibi ikaanza kusema ti.

Baada ya isha tukaanza na bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, salama. Taksimu yangu, kule kupiga kwa kubuni papo hapo, kwenye mahadhi ya rasti ndo ikanitoa jasho, nafika kwenye sika, sauti ya tatu ya hiyo rasti, nasikia uzi mmoja kati ya zile tatu umeshashuka. Sijasimama. Ami naye kausikia, hata hakunitazama, akaingia na udi wake pale pale kila nikiigusa ile sauti, akaifunika. Mpaka leo hajawahi kunitajia.

Wanawake wakainuka kumtunza mwimbaji. Yule bi mkubwa wa vitunguu akaja na kanga yake ya jikoni, akampita mwimbaji, akaibwaga elfu moja juu ya nyuzi zangu kabisa, akaniinamia sikioni, "Zimekauka?"

Noti yenyewe ilikua na mafuta, zile nyuzi za kati ziliniteleza mpaka alfajiri.