Nge wa Bathgate

Nimekulia Manyoni, mkoani Singida, na bibi alinifundisha kukung'uta viatu kabla sijajua kusoma. Mpaka leo, huku Uskoti ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee, kila asubuhi nageuza viatu na kuvigonga sakafuni. Nchi hii haina nge wake wa asili. Lakini zamani ilikuwa nao, na wale wakubwa walifika sentimita 70, karibu mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi vidoleni.

Jina la kitaalamu la nge huyo wa kale ni Pulmonoscorpius kirktonensis. Hilo la pili limetoka East Kirkton, machimbo ya zamani ya chokaa mjini Bathgate. Stan Wood, mtafutaji visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale ndani ya mawe, alianza kuyafukua upya miaka ya 1980, na Andrew Jeram ndiye aliyemchunguza nge huyo na kumpa jina. Nilienda Bathgate kwa basi siku yangu ya mapumziko, kwenye baridi inayouma masikio, nikasimama pale nikijaribu kuiona nchi ya joto.

Maana ilikuwa ya joto. Miaka takriban milioni 330 iliyopita, ardhi hii ilikuwa karibu na ikweta, kama kwetu leo. Palikuwa na volkano, ziwa dogo, na msitu ulioshika moto mara kwa mara. Mkaa wake bado umo ndani ya mawe. Nilipolisoma hilo nilijisikia vizuri kwa namna ambayo siwezi kuieleza vyema. Nge yule aliishi kwenye hali ya hewa ninayoijua.

Watu wengi wakisikia nge mkubwa wa kale humtaja yule wa Ujerumani, Jaekelopterus, ambaye gando lake la sentimita 46 lilipatikana Willwerath na kutangazwa mwaka 2007. Wataalamu walikadiria urefu wake kuwa kama mita 2.5. Ni mnyama wa ajabu, ila aliishi majini, na ni wa ukoo mwingine ingawa huitwa nge wa baharini. Nawaomba tusiwachanganye. Wa Bathgate ni nge hasa, mwenye mkia na mwiba, aliyetembea nchi kavu.

Tunajuaje kwamba ni wa nchi kavu? Mapafu. Nge wa leo hupumua kwa mapafu yenye tabaka nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, na yeye alikuwa nayo vilevile. Ndiyo maana jina lake la kwanza linataja pafu. Macho ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Nge wetu wa Manyoni haoni vizuri. Husikiliza mtikisiko wa ardhi kwa miguu yake na kuwinda gizani. Huyu alikuwa na macho makubwa ubavuni mwa kichwa, yenye lenzi nyingi. Mimi naamini aliwinda kwa kuangalia, pengine hata mchana. Majirani zake walikuwa majongoo na wanyama wadogo wa miguu minne waliofanana na mijusi, na sidhani kama aliwabagua.

Wale waliopatikana wakiwa karibu wazima ni wadogo; ukubwa wa sentimita 70 umekadiriwa kutokana na vipande vya wakubwa wao. Nge hakui bila kujivua gamba. Gamba la zamani hupasuka, naye hutoka akiwa laini kama uji mzito, hana silaha mpaka ngozi mpya ikauke. Bibi aliwahi kunionyesha gamba moja chini ya mtungi, jepesi, limekamilika hadi kwenye mwiba, nikakimbia nikidhani li hai.

Jumapili nilimpigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baridi haijakuua?"

Nikamsimulia habari zote. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akifukuza kuku, kisha akauliza: "Sasa likubwa hivyo, likijivua gamba lilikuwa linajificha chini ya jiwe gani?"

Nikamwambia kwamba kuna wataalamu wanaofikiri wadudu wa zama zile waliweza kuwa wakubwa kwa sababu maadui wakubwa wa nchi kavu walikuwa bado wachache. Kwa hiyo huenda halikuhitaji jiwe.

"Lazima lijifiche," akasema bibi. "Likiwa laini, hata kuku anakula."