Mbio kwenye gemu za risasi? Mimi hapana

Jana usiku nilimkalisha mdogo wangu kwenye Halo 3 ya 2007, gemu isiyo na kitufe cha kukimbia. Malalamiko hayo! "Kaka, huyu askari anaenda msibani au vitani?"

Lakini utamu uko hapohapo: ukivamiwa huchomoki, unageuka mnapambana. Halo 4 (2012) ikampa kila mchezaji mbio. Umemjeruhi mtu, kabakiza kidogo tu, anatimka hadi kwenye kona, ngao yake (kinga ya mwili inayojijaza asipopigwa kwa muda) inajaa, anarudi mzima. Inaudhi jamani! Halo 5 (2015) angalau iliweka sharti: ukikimbia, ngao haijai.

Kwenye Call of Duty, gemu nyingine ya risasi, mbio sawa, kule mtu anakufa haraka, mbio hazimwokoi. Ila kwa Halo, ziondolewe. Dogo kanuna mpaka sasa.