Kaseti za babu: hedi imekubali, upande B unasikika

Imekubali aisee! Upande B wa ile kaseti iliyoandikwa "Kasulu 1984" kwa biki sasa unasikika neno kwa neno, baada ya kunitesa likizo karibu yote. Leo naongelea hedi tu, kile kichuma cha kwenye deki kinachogusa mkanda na kuusoma, mambo ya kusafisha na spiriti na kuzungusha mkanda kwa kalamu mnayajua.

Kwa ambao hawajafuatilia, hizi kaseti zilikuwa barua. Babu mzaa baba alikuwa Muha, alitoka Kasulu kabla ya Uhuru akaja Tanga kama manamba, wale vijana waliokuwa wanaandikishwa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944, wanapanda treni Kigoma na safari inaishia kwenye kambi za huku. Akawekwa kwenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, akaoa bibi ambaye ni Mbondei wa Muheza, hakurudi tena kuishi kwao. Mama yangu ni Mdigo. Mimi nimezaliwa Tanga mjini, Kidigo naelewa, Kibondei nadokoa, Kiha sijui hata kuomba maji, na shuleni nikiulizwa kabila nasema Muha kwa sababu ndo la baba. Swali linalofuata huwa ni lile lile, kwenu Kigoma sehemu gani, pakoje, na hapo nilikuwa sina kitu cha kusema. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Kilichobaki ni boksi la kaseti alizokuwa anatumiwa na kaka yake, mtu akisafiri anapewa aibebe, anayepokea anakaa na redio anasikiliza kama anapigiwa stori.

Sasa tatizo. Redio kaseti ya babu mwenyewe beliti lake limeyeyuka limekuwa lami, hiyo nimeiweka pembeni. Natumia deki ya stereo niliyoipata kwa fundi mmoja, mota nzima, spidi iko sawa. Upande A, ambao babu mkubwa alirekodi Kasulu, ulitoka safi tu. Nageuza upande B, mkanda ule ule, deki ile ile, sauti inatoka kama mtu anaongea akiwa kajifunika blanketi! S hamna, T hamna, unasikia mngurumo wa mwanaume na huelewi chochote. Nikasafisha hedi, wapi. Nikafungua kaseti (bahati ilikuwa ya skrubu, sio ya kugandishwa) nikaangalia kile kisponji kinachosukuma mkanda kwenye hedi, kilikuwepo, nikakibadilisha hata hivyo kwa kingine, wapi. Fundi akasema mkanda umekufa upande huo, achana nao. Hapo nilikasirika kweli, mkanda ni mmoja, upande mmoja utakufaje mwingine ukabaki mzima.

Jibu ni kwamba pande mbili zilirekodiwa na mashine mbili tofauti, na hedi za hizo mashine hazikuwa zimesimama sawa. Upenyo wa hedi, yaani ule ufa mwembamba unaosoma mkanda, unatakiwa usimame wima kabisa kwenye mkanda, ukiinama kidogo tu ukilinganisha na hedi iliyorekodi, sauti kali zote zinapotea. Kwa hiyo huwezi kuset mara moja ukamaliza, kila upande unataka hedi iinamishwe kivyake. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, moja imekaza, nyingine ina springi chini yake, hiyo yenye springi ndo unayocheza nayo mkanda ukiwa unatembea. Ya kwangu ilikuwa imepakwa rangi kiwandani ili isilegee, niliikwangua kwa sindano taratibu, halafu bisibisi ndogo ya saa, unazungusha kidogo sana, unasikiliza, unarudisha.

Kuset kwa sikio peke yake kulinishinda, ukisikiliza muda mrefu sikio linazoea ubovu. Kilichoniokoa ni makofi. Mwanzoni mwa upande B kuna vishindo, pu pu pu, nilimsikilizisha bibi, akacheka akaniambia, "Mume wangu, hayo ni makofi, babu yako anasalimia. Waha wakisalimia wanapiga makofi, hata mimi alinipigia nikamshangaa." Yaani babu anamsalimia kaka yake kwa makofi mbele ya redio kaseti, kambini Tanga, ndugu yake yuko Kasulu.

Na makofi ni kipimo kizuri kuliko chochote, kwa sababu kofi ni sauti kali na fupi. Nikaingiza kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti, nikavuta picha ya mawimbi mpaka naona kofi moja tu, chaneli ya kushoto juu na ya kulia chini. Rekodi ni ya mono, yaani sauti ni ile ile kushoto na kulia, kwa hiyo kama hedi imesimama sawa ncha za kofi kwenye chaneli ya juu na ya chini lazima zianze pamoja. Zangu zilikuwa zimepishana! Nikazungusha skrubu, nikarekodi tena makofi, nikaangalia, zimekaribiana, nikaongeza kidogo, zikapitilizana, nikarudisha nusu. Zilipolingana makofi yakatoka pa! pa! pa! kavu kabisa, na baada ya hapo babu akaanza kuongea na nikasikia S zake. Ana sauti ya baba, ila anavuta maneno zaidi.

Anaanza na Kiha, sielewi, halafu anaingia Kiswahili bila kubadilisha pumzi. Anaeleza mashine ya korona ilivyoharibika na wao walivyoitengeneza wenyewe kwa sababu spea hazipatikani, anaielezea kipuli kwa kipuli, mpaka nikajikuta naichora kwenye daftari. Nyumbani wananiuliza kila siku haya mambo ya kufungua redio nimetoa wapi. Halafu anasema watoto wake wanaongea Kibondei na mama yao, na anaongeza, "lakini ni Waha, Waha wa huku." Hakulalamika, alisema kama anavyotaja bei ya unga. Nimeirudia hiyo sehemu sana. Kambi zile zilijaa Waha, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi, mwaka 1964 nchi ilitoa tani zaidi ya 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na mikono iliyofanya hiyo kazi mingi haikuwa ya Tanga. Wajukuu wao tuko wengi hapa mjini. Nikiulizwa tena shuleni ntajibu hivyo hivyo alivyosema, Muha wa huku.

Kuhusu vifaa. Vile vidude vya USB vya bei rahisi vyenye tundu la maiki usinunue kwa kazi hii, vinarekodi mono na vingine vinapandisha na kushusha sauti vyenyewe, chukua chenye laini in ya stereo, yaani tundu la kuingizia sauti kutoka kwenye deki, kushoto na kulia. Ukisikia mvumo chini, chomoa chaja ya laptopu utumie betri, kwangu ulikata hapo hapo. Na ile ya kupunguza kelele kwenye Audacity iweke ndogo sana, ukizidisha sauti ya mtu inakuwa ya majimaji, bora shuuu ya mkanda ibaki. Hifadhi WAV kwanza, faili ambalo sauti yake haijabanwa, MP3 ni za kutuma kwenye WhatsApp.

Mpango ulikuwa nimalize boksi lote kwa mpangilio wa miaka, halafu nichore ukoo. Nimeusimamisha, kwa sababu nilimtumia baba mdogo wa Kasulu kipande cha Kiha anitafsirie, na badala ya tafsiri akanitumia picha: mfuko wa kaseti juu ya kabati, zile babu alizokuwa anatuma kutoka Tanga. Zipo! Anasema hazijaguswa miaka na redio ya kuzipigia hana. Baba amekubali tutafute mtu wa kuzileta, kwa hiyo kazi yangu sasa ni kuifufua ile redio ya babu, maana ndo iliyozirekodi na hedi yake itakuwa inalingana nazo bila kugusa skrubu. Nahitaji beliti la mraba, duara lake likilazwa bapa ni kama sentimita saba. Mwenye redio kaseti mbovu Tanga, Muheza au Korogwe asiitupe, nakuja kuichukua.