Safari hii nilichagua siku kwanza, sehemu ikafuata

Tuko wanne, wote tunaishi Dar, na kila mwaka tunachangishana twende kupiga mbizi na mtungi wiki nzima sehemu ya maana. Sio kozi wala zile daivu za kushuka mita 10 kuangalia samaki wa rangi halafu mnarudi hotelini, yani sisi tunataka ukuta (mwamba unaoshuka wima chini ya maji), mkondo, samaki wakubwa. Mimi nina daivu 240 na kitu kwenye logibuku, kile kitabu cha kuandikia kila mbizi, wawili wananizidi, wa nne ana 70. Mwaka jana kazi ya kuchagua waliniachia mimi, na naandika hapa nilivyofanya kwasababu safari ya kabla ya hiyo ilituumiza sana na sikutaka irudie.

Hiyo ya kabla tulienda Pemba mwanzoni mwa mwezi wa sita. Tulichagua kwa bei tu, kulikuwa na ofa, tukalipa. Kumbe mwezi mpevu ulikuwa umetoka juzi yake na masika ndo kwanza imeisha, mikoko bado inamwaga tope. Boti ilikuwa inatoka saa tatu asubuhi kila siku, ndo ratiba yao. Sasa mtu wa pwani anajua, kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na yanapwa kabisa saa nne mpaka saa tano asubuhi, kwa hiyo muda tunaruka sisi ndo maji bado yanatoka, na Pemba upande wa magharibi maji ya ndani yanatokea kwenye milango kati ya vile visiwa vidogo, mlango wa Njao na mlango wa Fundo, yanakuja na uchafu wote yanaumwaga juu ya mwamba. Mita 8 hatuoni. Siku ya tatu niko na mwenzangu kwenye ukuta mita 22, ghafla naona mapovu yangu mwenyewe hayapandi, yanashuka, kompyuta ya mkononi inayopima kina inalia, naangalia 28, 31, 34. Tuliushika ukuta tukapanda kwa mikono taratibu tukatoka salama, ila usiku ule sikulala vizuri. Na hakuna aliyekuwa ameuliza habari za mwezi, si sisi si wenye boti.

Basi safari hii nikasema kabla sijaangalia picha yoyote wala bei yoyote nakaa na wenzangu naongea nao mmoja mmoja. Nikagundua kitu ambacho watu wengi wenye uzoefu tunakiruka. Yule mwenye daivu 70, karibu zote kazifanya Mnemba kule Unguja, hali nzuri, kuna kiongozi mbele, mkondo mwepesi. Wa pili ana 300 lakini tangu safari ile ya Pemba hajagusa maji. Namba ya kwenye logibuku inakwambia mtu ameshuka mara ngapi, haikwambii kama anaweza kushuka haraka bila kushika kamba, kurusha puto la ishara akiwa katikati ya bluu, au kutulia wakati maji yanamvuta chini. Nikawaambia wazi tunachagua kwa kumwangalia aliye nyuma yetu, na hakuna aliyekasirika, yule wa 70 mwenyewe alishukuru.

Sehemu zilizokuja mezani zilikuwa nne. Wawili walitaka sana visiwa vya Brothers, Bahari ya Shamu upande wa Misri, na nawaelewa kabisa. Kuna meli mbili zimelala pale, Numidia iliyozama 1901 na Aida ya 1957, na kuanzia mwezi wa kumi kuna wale papa wa bahari kuu wenye ncha nyeupe kwenye mapezi wanakuja mpaka karibu na mtu. Lakini pale unalala botini siku zote, bahari iko wazi kabisa, na wenyewe wanadai uwe na daivu 50 tayari. Kwenye karatasi mwenzetu wa 70 anapita. Kwangu mimi hapana, bado. Tofo, Msumbiji, kuna taa wakubwa wale manta na papa potwe, ila watafiti wameonyesha kwamba kuonekana kwao kumepungua sana ukilinganisha na zamani, na kutoka ufukweni ni kwa boti ya mpira unapasua mawimbi. Ya tatu ilikuwa Oman, visiwa vya Daymaniyat, na hii nusu ya moyo wangu ilikuwa huko kwasababu shangazi yangu yuko Maskat miaka mingi, malazi bure na Kiswahili nyumba nzima. Papa potwe wanapita pale hasa miezi ya joto, lakini sisi likizo zetu zinakutana mwezi wa kumi na tukijumlisha tiketi za ndege hela ilikuwa haitoshi. Shangazi nikampigia nikamwambia mwakani inshallah, akasema haya mwanangu, lakini usinidanganye.

Ya nne ilikuwa Pemba tena. Na niliiweka mwenyewe, wenzangu walinuna.

Hoja yangu ilikuwa hivi, Pemba haikutukosea, tuliifuata siku mbaya. Kile kisiwa kimetengana na bara kwa mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800, ndo maana ukuta unaanza karibu na uso wa maji halafu unapotelea kwenye giza, Mafia na Unguja huwezi kupata kitu kama hicho maana vyenyewe vimekaa kwenye maji ya kina kifupi ya bara. Nikachukua jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi wa kumi, nikaweka kalenda ya mwezi pembeni, nikatafuta siku za maji mafu, yani siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu. Maji mafu yanakuja siku moja mbili baada ya mwezi kuwa nusu, na uzuri wake sio tu kwamba mkondo unapoa. Saa nazo zinageuka. Siku hizo maji yanajaa mnamo saa nne na nusu, saa tano asubuhi, maana yake asubuhi nzima maji safi ya bahari kuu ndo yanaingia kwenye milango. Ile ile saa tatu iliyotuletea tope mwezi wa sita ndo ingetuletea bluu. Halafu mwezi wa kumi kusi imelegea, mvua za vuli hazijachanganya. Na mnisikilize hapa, bamvua za karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, wa kumi ndo huwa kubwa kuliko zote za mwaka, kwa hiyo ukikosea wiki moja tu kipindi hicho unakosea vibaya. Nilichagua siku sita, nikaweka zile tatu za katikati ndo za daivu ngumu.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuwapigia simu wenye boti wa Pemba, na maswali yangu yalikuwa machache: boti inatoka kwa ratiba au kwa maji? Oksijeni ipo botini na ya dakika ngapi? Mtu akiumia mnampeleka chemba gani ya kutibu wazamiaji na kwa usafiri upi? Nitroksi, ile hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, mnayo? Wawili walijibu la kwanza kwamba boti inatoka saa tatu, nikawashukuru nikakata. Wa tatu akaniuliza, "Dada, mnakuja mwezi ngapi?", na hakumaanisha mwezi wa kalenda. Hapo hapo nikaweka oda.

Siku mbili za mwanzo tulishuka Misali, kisiwa kidogo pembeni ya Pemba, mwamba rahisi, ili yule wa 300 na yule wa 70 warudi kwenye mstari. Kila mmoja alirusha puto lake mara mbili akiwa kwenye mita 5 bila kupanda wala kuzama. Siku ya tatu tukaenda Njao. Nahodha wetu ni mzee wa makamo, tulivyofika akazima injini, akavunja kipande cha kumbi la nazi akakitupa majini akakaa kukiangalia. Kimya. Kikawa kinakimbilia mlangoni. "Bado, wanangu, ngojeni." Tumekaa na mitungi mgongoni jua linapiga, dakika kama kumi na tano, akatupa kingine, kikasimama kidogo pale pale kisha kikaelekea mlangoni pole pole. Akaitikia kwa kichwa tu.

Tulishuka pamoja wanne, haraka, mpaka mita 26. Niligeuka kumtafuta yule wa 70 nikamuona kumbe yuko juu yangu mita 10 na naona mpaka namba za kwenye mtungi wake. Ukuta umejaa matumbawe ya feni mapana kuliko mikono miwili ukiinyoosha, yote yamegeukia mkondo, na nje kwenye bluu mizia wamejipanga kama mia hivi hawatikisiki, kolekole wanawapita kwa chini. Samaki napoleoni mmoja mkubwa alitoka kwenye pango, jicho lile likawa linazunguka linatukagua mmoja mmoja, akaamua hatuna kitu akaenda zake. Mapovu yangu nilikuwa nayaangalia muda wote. Yalikuwa yanapanda juu wima.

Jambo la mwisho, kurudi tulipanda meli ya Mkoani badala ya ndege. Ukipiga mbizi siku kadhaa mfululizo unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupaa, na kwa ndege ya asubuhi ile siku ya mwisho yote inakufa. Kwa meli tulipata daivu mbili zaidi, moja Fundo, na ndo ilikuwa daivu ya 81 ya mwenzetu, aliongoza yeye. Brothers tumeiweka mwakani, ila shangazi Maskat ameshapiga simu mara mbili.