Jiwe la kwanza ni la shahidi

Jumanne, usiku

Wiki hii zamu ya kuongoza kikundi chetu cha Biblia imeniangukia mimi, na somo lililochaguliwa ni adhabu ya kifo: je, Maandiko yanaikubali au yanaikataa? Najua itakavyokuwa. Wazee watafungua Warumi 13, vijana watapaza sauti na "Usiue", na tutaagana kila mmoja akiwa na aya ile ile aliyokuja nayo. Kwa hiyo naandika hapa kwanza, ili Alhamisi nisiende mikono mitupu.

Upande unaosema ndiyo una nguvu kuliko vijana wangu wanavyodhani. Mwanzo 9:6 ndiyo nguzo yao: atakayemwaga damu ya mwanadamu, damu yake nayo itamwagwa na mwanadamu. Neno hili aliambiwa Nuhu baada ya gharika, wakati hakuna Israeli, hakuna Sinai wala kuhani. Huwezi kulifungasha pamoja na sheria za vyakula na sadaka za kuteketezwa ukasema limepita. Tena limeambatana na sababu yake: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mtu anayetetea kitanzi kwa aya hii hadharau uhai. Kwake yeye uhai una thamani kubwa mno, hata hakuna kinachoweza kuulipia isipokuwa uhai wenyewe.

Na hili la kujibu kwa "Usiue" kisha mtu akakaa chini kana kwamba kesi imekwisha, linanichosha. Amri hiyo iko Kutoka 20. Sura inayofuata, aya ya 12, inasema ampigaye mtu hata akafa hana budi kuuawa. Msomaji wa zamani alizisoma sura hizo mbili mfululizo na hakuona zinagombana. Ukitaka kuipinga adhabu ya kifo kwa Biblia, tafuta njia nyingine. Hiyo haifiki mbali.

Agano Jipya nalo halijafunga mlango. Paulo, katika Warumi 13, anasema mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Akiwa mbele ya Festo, katika Matendo 25, anasema kama ametenda neno la kustahili kufa, hakatai kufa. Mhalifu mmoja aliyetundikwa kando ya Yesu anakiri, "tunapokea malipo tuliyostahili kwa matendo yetu," na Yesu hamkosoi; anamwahidi Peponi, lakini hamteremshi msalabani. Hata Pilato anaambiwa mamlaka yake yametoka juu.

Haya yote nayakubali. Shida yangu inaanzia hapa: wanaoichukua adhabu hii kutoka katika Biblia huichukua ikiwa imevuliwa nguo zake zote.

Torati iliweka kifo kwa makosa mengi. Kuua kwa kusudi, ndiyo, lakini pia uzinzi, kumlaani baba au mama, kuifanyia kazi Sabato, na mwana mkaidi wa Kumbukumbu la Torati 21. Sijawahi kukutana na Mkristo anayetaka mtu auawe kwa kuokota kuni siku ya Sabato, ingawa kisa hicho kimo katika Hesabu 15. Wote wameshachuja. Wakiulizwa, wanasema kuua kumesimama juu ya neno aliloambiwa Nuhu na hayo mengine yalikuwa ya taifa la Israeli tu. Hoja hiyo ina mantiki, siibezi. Ila Nuhu hakuambiwa kesi isikilizwe vipi. Anayetaka kujua jinsi Mungu alivyotaka adhabu hiyo itekelezwe hana pa kwenda ila Torati, na Torati ina masharti ambayo sijamsikia mtu akiyanukuu mimbarani.

Mashahidi wawili au watatu. Kwa shahidi mmoja mtu hafi. Kumbukumbu la Torati 17 inasema hivyo, na Hesabu 35 inarudia. Shahidi wa uongo akigundulika, atendewe lile alilotaka kumtendea mwenzake, yaani kama alimtafutia kifo, kifo ni chake. Muuaji asitozwe fidia badala ya uhai wake, kwa hiyo tajiri hawezi kujinunua pale maskini anaponyongwa. Aliyeua bila kukusudia ana miji sita ya kukimbilia. Halafu lipo sharti ambalo limenikosesha usingizi tangu jana: mikono ya mashahidi ndiyo iwe ya kwanza katika kuua, ndipo ifuate mikono ya watu wote.

Hebu fikiria maana yake. Hakuna mnyongaji wa mshahara. Hakuna chumba cha nyuma ambako kazi inafanywa alfajiri na watu ambao hawakuona lolote. Wewe uliyesema "nilimwona," njoo uokote jiwe. Kama una shaka hata kidogo, mkono wako utaijua shaka hiyo kabla ya ulimi wako kuikiri. Na wanakijiji wote waliopiga kelele auawe, nao wana zamu yao. Kwa sheria hiyo hakuna anayeweza kusema ni serikali iliyoua.

Marabi wa zamani waliyatafakari masharti haya hadi mwisho wake. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya sheria, kitabu cha Makoti, imeandikwa kwamba baraza linaloua mtu mmoja katika miaka 7 huitwa la uharibifu. Eleazari mwana wa Azaria akasema, hata mmoja katika miaka 70. Tarfoni na Akiva wakasema wao wangekuwa barazani, asingeuawa mtu kamwe. Kisha Simeoni mwana wa Gamalieli akawajibu kwamba watu wa namna hiyo wangeongeza wamwaga damu katika Israeli. Napenda kwamba jibu lake halikufutwa. Watu hao wote waliiamini Torati kuliko mimi, na hakuna hata mmoja wao aliyesema adhabu hiyo haimo.

Sasa soma Yohana 8 ukiwa na sharti la mashahidi kichwani. Najua kisa cha mwanamke aliyefumaniwa hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili ya Yohana, na mtu makini hajengi fundisho zima juu yake. Lakini tazama Yesu anachofanya. Hasemi Musa alikosea. Anawauliza ni nani atakayetupa jiwe la kwanza, na kwa Torati jiwe la kwanza ni la shahidi. Mashahidi wanaondoka mmoja mmoja. Wasipokuwapo mashahidi, kesi haipo. Wahubiri wengi hukifanya kisa hiki kuwa cha huruma kuishinda sheria. Mimi naona sheria yenyewe ikifanya kazi yake, labda kwa mara ya kwanza siku ile. (Na yule mwanamume aliyefumaniwa naye, ambaye Walawi 20:10 inamtaja kabla ya mwanamke, alikuwa wapi?)

Nilitaka kuishia hapo na kutangaza kwamba masharti ya Torati yanatosha kumlinda asiye na hatia. Hayatoshi, na Biblia yenyewe ndiyo inayonikatalia. Nabothi, 1 Wafalme 21: mashahidi wawili, idadi kamili, kesi mbele ya wazee wa mji, akapigwa mawe ili mfalme Ahabu apate shamba lake la mizabibu. Kila kitu kilifuata utaratibu isipokuwa ukweli. Yesu mwenyewe: Marko anasema wengi walimshuhudia uongo na ushuhuda wao haukupatana, na bado akauawa. Halafu Stefano, katika Matendo 7. Luka anaeleza kwamba mashahidi waliweka nguo zao miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini ni mashahidi wanaovua nguo. Ni kwa sababu wao ndio wa kwanza kurusha! Sharti la Kumbukumbu la Torati 17 lilitimizwa barabara, na aliyelala chini alikuwa mtakatifu.

Na Sauli huyo, aliyesimama pale akikubali Stefano auawe, ndiye Paulo aliyekuja kuandika kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Hakuwa mtu wa nadharia. Katika Matendo 26 anasimulia kwamba watakatifu walipokuwa wakiuawa yeye alitoa idhini yake. Hivyo nikisoma Warumi 13 siwezi kusahau kwamba mwandishi wake ana damu ya watu mikononi na hakudaiwa. Mapokeo ya kale yanasema alikatwa kichwa Roma, yaani upanga ule ule alioutaja ndio uliommaliza. Anayenukuu sura ya 13 aanze na mwisho wa sura ya 12, "msijilipize kisasi," kwa maana Paulo hakuigawa barua yake kwa sura.

Historia ya kanisa haitusaidii kukata shauri, ila inaondoa ile dhana kwamba Wakristo wamekuwa na msimamo mmoja. Laktansio, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, alisema kuua binadamu ni kosa siku zote, bila kuacha nafasi. Askofu Augustino aliandika kwamba anayeua kwa amri ya sheria havunji amri ya Mungu. Lakini wafuasi wa Donato, Wakristo waliojitenga na kanisa lake, walipokiri kumuua padri mmoja na kumjeruhi vibaya mwingine, Augustino huyo huyo alimwandikia Marselino, ofisa wa dola, akimsihi wasiuawe, damu ya watumishi wa Mungu isilipwe kwa damu. Huyu namwelewa. Kitabuni anakubali, mtu akiwa mbele yake anakataa.

Thoma wa Akwino alilinganisha mhalifu na kiungo kilichooza kinachokatwa ili mwili upone. Mwaka 1208 Papa Inosenti wa Tatu aliwataka Wavaldo, kundi lililojitenga na kanisa, waliotaka kurudi wakiri kwamba dola inaweza kutoa hukumu ya damu bila dhambi ya mauti. Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, walikutana Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527 wakakubaliana kwamba upanga umewekwa na Mungu, ila nje ya ukamilifu wa Kristo, kwa hiyo Mkristo asiushike. Michael Sattler, aliyeongoza mkutano huo, aliuawa mwaka ule ule kwa hukumu ya mahakama ya watawala Wakatoliki. Geneva ya Waprotestanti nayo ikamchoma Servetus, aliyehukumiwa kwa uzushi, mwaka 1553. Dola la Papa, yaani nchi iliyotawaliwa na Papa, lilikuwa na mnyongaji wake, Giovanni Battista Bugatti, aliyefanya kazi tangu 1796 hadi 1864 na kuua watu 516. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha kifungu cha 2267 cha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, adhabu hiyo ikatajwa kuwa haikubaliki. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, kwa upande wao, walipitisha azimio la kuiunga mkono mwaka 2000. Wote hawa wana Biblia moja.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Karla Faye Tucker, wa Texas. Mwaka 1983 yeye na mwenzake waliua watu wawili kwa sululu. Gerezani akaokoka, na hata wahubiri waliokuwa wakitetea adhabu ya kifo, Pat Robertson akiwamo, wakamwombea asamehewe. Aliuawa tarehe 3 Februari 1998. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Missouri, Darrell Mease aliyeua watu watatu alibadilishiwa adhabu na gavana kwa sababu Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa ziarani na aliomba. Mmoja alikufa, mwingine akabaki gerezani, na tofauti kubwa niionayo ni nani alipita mjini wiki ile. Hesabu 35 inayokataza fidia ingesemaje?

Basi msimamo wangu ni huu, na nitausema mbele yao. Biblia inaikubali adhabu ya kifo. Inampa mwenye mamlaka ruhusa hiyo. Lakini masharti iliyoyaweka ni magumu kuliko ya mahakama yoyote ninayoijua, na hata yalipotimizwa, Biblia yenyewe imetuandikia majina ya waliouawa bila hatia. Kaini hakuuawa. Musa aliua Mmisri, naye hakuuawa. Daudi alimpangia Uria kifo na nabii Nathani akamwambia hutakufa. Mwenye haki kamili ya kuua, mara nyingi ajabu, hakuitumia. Mimi siwezi kuwaombea wanadamu kalamu ya kutia sahihi jambo ambalo Yeye alilifanya kwa kusita namna hiyo.

Yupo mama mmoja kikundini ambaye mdogo wake aliuawa. Nilipomwambia somo la wiki hii aliniuliza, "Mwalimu, mtazungumza sana habari za aliyeua. Na mdogo wangu?" Nikamjibu kwamba hiyo ni sehemu ya somo. "Haya," akasema, "maana kusamehe nimeshafundishwa na watu wengi ambao hawajazika mtu."

Sina la kumjibu ambalo halitasikika kama hotuba. Hesabu 35:33 inasema damu huitia nchi unajisi, nayo haitakaswi ila kwa damu ya aliyeimwaga, na wapinzani wa kitanzi, mimi nikiwamo, huiruka aya hiyo. Alhamisi nitaanza nayo. Nimemwomba mama huyo aisome yeye, aseme atakalo, kabla mtu yeyote hajafungua Warumi. Amesema atafikiri.